Vitabu Juu ya Jiko

Mama yangu alikuwa mtunza maktaba ya kijiji, na yeyote aliyedhani hiyo ni kazi ndogo alijibiwa na mimi kabla hajajibiwa na yeye. Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kando ya ofisi ya kijiji, huku juu Ufipa, mbali kidogo na Sumbawanga mjini. Ilifunguliwa wakati watu wazima walipokuwa wakifundishwa kusoma, na Mama alikuwa mmoja wa wanafunzi. Alijifunza kushika kalamu akiwa amenibeba mgongoni. Herufi zangu za kwanza nilizichungulia begani kwake, na najidai kwa hilo mpaka leo.

Kisha zikaja enzi za ruksa, biashara ikaachiwa huru. Gazeti la vijijini likaacha kuletwa, vitabu vipya navyo vikakoma. Yakaja malori ya wafanyabiashara wa mahindi, kila mmoja ananunua kivyake, kila mmoja anatafuta ghala. Mmoja wao akakitamani chumba cha Mama. Mwenyekiti wa kijiji hakuhitaji kubembelezwa. Alitangaza kwamba maktaba imekufa, kilichobaki ni kuizika, na kwamba jambo hilo litaamuliwa kwenye mkutano wa hadhara.

Mwaka huo nilikuwa chuoni nasomea ukutubi. Mhadhiri wangu alikuwa anafanya utafiti juu ya maktaba za vijijini: zipi bado hai, zipi zimekufa na kwa nini. Alinichukua kuwa msaidizi kwa sababu nilijua Kifipa. Tulipofika kijijini kwetu, siku moja kabla ya mkutano, mwenyekiti alitupokea kwa furaha iliyopita kiasi. Akamwomba mhadhiri asimame mkutanoni kesho yake, awaambie wananchi alichokiona. Nilimsoma mara moja. Akishasema mtu wa chuo, mkulima gani atabisha?

Mama akafungua mlango wa maktaba. Rafu zilikuwa tupu. Hakikuwapo kitabu hata kimoja, na ukutani mchwa walikuwa wamejijengea njia zao za udongo mpaka darini. Mwenyekiti akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyekwisha kushinda. Nilikuwa sijarudi nyumbani tangu kabla ya masika, na Mama hakuwa mtu wa kutuma malalamiko. Roho iliniuma kiasi kwamba nilishindwa kumtazama.

Utafiti wetu ulihesabu vitabu vilivyoko rafuni. Kwa hesabu hiyo, maktaba ya Mama ilikuwa marehemu. Mhadhiri alikuwa ameshatoa kalamu, lakini hakuandika. Huwa namsifu kwa hilo kila nikipata wa kunisikiliza. Alimgeukia Mama.

"Vitabu viko wapi, mama?"

"Vinasomwa, mwanangu."

"Vyote?"

"Sasa kikikaa humu kinamsaidia nani? Mchwa?"

Kisha akaniambia kwa Kifipa nimpeleke mgeni jikoni, akaone.

Kwetu mbegu hailali ovyo. Mahindi ya kupanda na ulezi huwekwa kwenye uchaga juu ya jiko, moshi uvipitie kutwa, wadudu wavikimbie. Mama alipoona mchwa wameingia maktaba, alivigawa vitabu nyumba kwa nyumba. Kila kitabu kilifungwa kwenye nailoni ya mfuko wa mbolea, kikapandishwa uchagani pamoja na mbegu. Aliyekimaliza alibadilishana na mwenzake Jumapili baada ya misa, Mama akiwa amesimama pale nje ya kanisa kama mgawa zamu. Wafugaji Wasukuma waliohamia bondeni hawakuwa wa kanisa letu wala wa lugha yetu. Hao Mama aliwafuata mnadani. Hakuna mtu wa elimu aliyemwelekeza. Nilisimama chini ya uchaga ule, masizi yakinidondokea, nikajisikia mrefu.

Kesho yake mkutanoni, mbele ya maktaba, mhadhiri hakutoa hotuba. Alisema tu, "Naomba kila mwenye kitabu cha maktaba akakilete."

Hakuinuka mtu. Mwenyekiti akatabasamu. Ndipo nikawasikia wanawake nyuma yangu wakinong'ona kwamba ndiyo hivyo, serikali imekuja kuvichukua. Walikuwa wanaficha! Watu wangu hawa, ukiwaomba mahindi watakupa debe, ila kitabu hawatoi. Mama akasimama.

"Mtaondoka navyo. Nimesema mimi."

Hapo ndipo wakatawanyika kwenda majumbani. Wakarudi mmoja mmoja, vifurushi vya nailoni vimewakaa kichwani, vyeusi kwa moshi. Akaja mzee wa Kisukuma na kitabu cha magonjwa ya ng'ombe, amekikumbatia kwa mikono yote miwili. Rafu zikaanza kujaa, chumba kikanuka jiko. Yule mfanyabiashara aliyekitamani chumba akachungulia mlangoni, akapiga chafya, akaenda kukagua magurudumu ya lori lake. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Mwenyekiti bado alikuwa na neno. "Vitabu kuwapo ni jambo moja," alisema. "Nani anavisoma? Hapa kuna mtu anayesoma kweli?"

Mkewe alikuwa ndio kwanza anafika na kifurushi chake. Akakifungua taratibu, akakiinua kitabu juu watu wote wakione.

"Huyu bwana," alisema, "ameninyima hiki tangu wiki iliyopita. Nikimwomba ananiambia ngoja kidogo, amefika patamu."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwenyekiti naye, nampa haki yake, alikuwa mtu mzima: alingoja kicheko kitulie, akatangaza kwamba chumba kitabaki maktaba na kwamba kijiji kitapiga dawa ya mchwa. Akafunga mkutano. Watu wakaanza kuvichukua vitabu vyao kurudi navyo jikoni.

Mwenyekiti alikuwa wa mwisho. Alimpokonya mkewe kile kitabu, akakiweka kwapani, akamkaribia Mama na sauti ameishusha.

"Mama, hiki sijakimaliza."

"Najua," Mama akamjibu. "Unacho mpaka Jumapili, Mwenyekiti. Kuna watu wanakingoja."