Makopa Juu ya Lami

Hapa Nanganga watu wengi huanika makopa, vipande vya muhogo, kwenye lami. Muhogo ukianikwa chini unaingia mchanga, na kuku wanaudonoa. Juu ya lami unakauka upesi, unakuwa mweupe. Bibi yangu huuanika pembeni, nje ya mstari mweupe wa barabara. Lakini muhogo ukiwa mwingi unavuka mstari, na bibi anaufuata.

Sikio lake la kulia halisikii. Mwenyewe hakubali. Akiinama kugeuza makopa, sikio hilo ndilo linaloelekea kunakotoka malori ya Mtwara.

Nilipewa kazi ya kukaa kwenye kivuli cha mkorosho nifukuze mbuzi. Malori niliyaangalia kwa hiari yangu. Lori tupu nalijua kwa kishindo cha bodi. Hilo ndilo linalokimbia zaidi, linawahi korosho Masasi.

Sauti yangu ni ndogo. Mama muuza vitumbua, jirani yetu, hunitania: "We binti, hata mbuzi hawakuogopi! Nyumba itaungua na mumeo ndani, wewe unamnong'oneza."

"Mwache," bibi humjibu. "Mtoto hampigii mkubwa kelele."

Asubuhi ile nilisikia bodi kabla sijaliona lori. Bibi alikuwa ndani ya mstari, ameinama. Upande wa pili ilikuwa inakuja pikipiki, kwa hiyo lori lisingeweza kumkwepa.

"Bibi," nikasema. "Bibi."

Hakuinua kichwa. Nikakimbia, nikashika kanga yake, nikavuta. Tukaanguka wote kwenye majani. Lori likapita juu ya makopa bila kupunguza mwendo. Honi ilikuja baadaye.

Bibi alikaa akitazama alama za matairi kwenye unga.

"Umenichania kanga," akasema. Kisha, "Mbona hukuniita?"

"Nilikuita, bibi. Mara mbili."

Akajishika sikio.

Nilidhani hatarudi tena barabarani. Kesho yake akaanika vile vipande vilivyobaki, palepale, nje ya mstari. Halafu akaniletea sufuria iliyotoboka na mwiko.

"Kaa kule yanakotokea malori," akasema. "Ukiyasikia, gonga. Kelele hizi nimekuruhusu."

Sasa nagonga. Bibi huinua kichwa na kutoka, ila siku nyingine anachelewa, nami nagonga mpaka mkono unauma. Jana tumeanza kung'oa muhogo wa shamba la pili. Ni mwingi kuliko ule wa kwanza.