Wali wa Mlalamikaji

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwenyekiti wa jopo alinipa sheria kabla ya kunipa kiti. "Kijana, mwamuzi akila kwa mmoja, ameshahukumu."

Nikajaribu kupunguza bei. "Hata chai, mzee?"

"Chai ni chakula cha majimaji."

Usuluhishi wa biashara ulikuwa bado mgeni Mpanda. Wenye mkataba wakikorofishana hawaendi mahakamani. Wanachagua waamuzi, na uamuzi wetu, yaani tuzo, unawafunga wote.

Shauri langu la kwanza lilitupeleka Usevya. Mzee Masunga, mfanyabiashara wa mpunga, alidai mashine ya kukoboa ya Mama Nyamizi imemvunjia mchele wote ukawa chenga. Fidia aliyotaka ni mashine yenyewe. Mama Nyamizi hakuwa na shamba wala ng'ombe. Alikuwa na ile mashine tu.

Tukafanya ukaguzi wa eneo: kwenda kukiona kinachogombewa, pande zote zikiwepo. Tukaizunguka mashine, tukatikisa vichwa kitaalamu, hatukuambulia kitu. Mchana nyumba zote mbili zikawa zimepika, na kule kukataa chakula ni tusi. Nikashauri masinia yote yaletwe pale mashineni, tule mbele ya wote. Mwenyekiti akakubali. Nikahesabu vipande vya kuku mara mbili; pande zilikuwa sawa.

Wali wa kwa Masunga ulikuwa punje ndefu, nzima.

"Mama, wali mzuri," nikamwambia mkewe. "Mmekobolea wapi?"

"Si hapa hapa, juzi! Wageni wakubwa nyie, tungewapa chenga?"

Masunga akaacha kutafuna.

"Na fundi hajaigusa mashine tangu ulalamike," akasema Mama Nyamizi. "Ongeza mchuzi, baba."

Mwenyekiti hakucheka. "Mzee Masunga, limesemwa mbele yako. Una haki ya kulijibu."

Akajibu, kwa shida: ule mpunga wa kwanza ulinyeshewa ukiwa umeanikwa, akauanika tena. Mpunga wa hivyo hupasuka kabla haujafika mashineni. Tuzo ikaandikwa, mashine ikabaki kwa Mama.

Sasa nimestaafu, niko Kawajense. Vijana wakiniuliza siri ya kazi, nawaambia: usimsikilize mmoja mwenzake akiwa hayupo, na kila jambo jipya, aliyeguswa nalo ajibu kwanza. Halafu uliza wali umekobolewa wapi.

Hilo la mwisho mke wangu amenikataza kuliuliza harusini.