Dripu ya Hajira

Mke wangu Hajira alikuwa mkali wa mkono. Nguruwe pori aliingia mahindini kwetu Sindeni, Hajira akamkata shingo kwa panga. Alirudi na damu mpaka kwenye mtandio. Akajitwaharisha mara saba kwa udongo na maji, huku anamtukana nguruwe.

Moyo ulimshika akipalilia. Nikampakia bodaboda, nikamkumbatia kwa nyuma mpaka hospitali, Korogwe.

Daktari alisema sehemu ya moyo imekosa damu, imekufa. Iliyobaki imeingia wazimu, inatetemeka tu, haisukumi. Macho ya Hajira yakageuka. Nesi Rhoda akapanda kitandani, akamkandamiza kifua. Nilisikia ubavu ukivunjika. Wakamtia umeme. Akaruka kama kuku aliyechinjwa. Wakamtia tena. Akarudi.

Wakamtundikia dripu ya dawa ya kutuliza moyo.

Mdogo wake, Awadhi, aliyaona yote mlangoni. Usiku akaingia.

"Wamemvunja dada yangu, wamemchoma umeme, sasa sumu. Tazameni mkono."

Mkono ulikuwa mwekundu, umevimba palipoingia sindano.

"Dawa hii inachoma mshipa," Rhoda akasema. "Nahamishia mkono wa pili. Lakini isikatike. Ikikatika, moyo unaweza kurudia."

"Hakuna. Tunampeleka kwa mganga." Akaushika mpira wa dripu.

"Shemeji, achia."

"Wewe umezoea kupigwa na dada, sasa unaogopa mpaka manesi."

Nikampiga ngumi ya mdomo. Jino likadondoka. Akanikaba shingo, tukaanguka na meza, vyuma vikamwagika. Giza likaanza kunijia. Nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake. Mlinzi akatutenganisha kwa mateke.

Dripu ilikuwa bado inadondoka.

Asubuhi Hajira akafumbua macho.

"Nani kanikanyaga kifua?"

"Ni mimi, mama," Rhoda akasema.

"Una magoti ya punda." Akaniangalia shingo, akamwangalia Awadhi mdomo. "Mmepigana mimi nimelala? Hamna adabu."

Alimeza vidonge kila siku, akalima misimu mitatu tena. Mwaka huu, mwezi wa Shaabani, alilala, hakuamka.

Kaburini tulishuka wawili kumpokea, mimi na Awadhi. Alipofungua mdomo nikaliona pengo.

"Shika kichwa vizuri, shemeji," akasema.

Nikashika.