Kalamu Nyekundu ya Elieth

Saa moja asubuhi, upepo wa Julai unapiga mabati ya Chang'ombe. Elieth Chidawali anatumbukiza chupa ya jeli kwenye bakuli la maji ya moto.

"Mtu amekuja na hofu yake, halafu umpake barafu kifuani?" anauliza huku akicheka.

Elieth, 41, hupima wagonjwa kwa mashine ya ultrasaundi katika zahanati moja jijini Dodoma. Kwenye droo yake lipo daftari. Akiona uvimbe wa kutia shaka kwenye titi, huandika anachoamini kabla mgonjwa hajaenda hospitali kuchukuliwa kinyama cha kupimwa maabara. Jibu likirudi, akiwa amepatia huweka alama ya buluu. Akiwa amekosea, nyekundu.

Kati ya majibu 64, nyekundu ni saba.

"Mbili nilidhani ni salama, kumbe saratani," anasema, na kicheko kinakatika. "Hao nawajua kwa majina. Mashine inaona mengi, lakini neno la mwisho ni la maabara."

Leo anasubiri jibu la Paulina Mhogolo, 56, mkulima wa karanga kutoka Mlali. Wiki tatu zilizopita Elieth aliona kwenye titi lake uvimbe wenye kingo zilizochongoka. Akaandika: saratani. Tangu siku hiyo anaomba awe amekosea.

Saa nne Paulina anaingia, katoka chumba cha daktari. Uso hausomeki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lile daftari lako ulilonieleza, uliniandika nini?"

Elieth anainamisha kichwa. "Niliandika saratani, mama."

"Basi chukua kalamu nyekundu, mwanangu. Umefeli!"

Kigelegele chake kinawainua wagonjwa wote kwenye benchi la nje. Maabara imekuta mafuta ya titi yaliyoharibika kwa kuumia. Daktari alipomuuliza kama aliwahi kugongwa, ndipo Paulina alipokumbuka: mwaka jana, akikamua ng'ombe, ndama alimpiga teke la kifua.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza habari za ndama, wewe?"

Wanacheka hadi machozi. Elieth anaweka alama nyekundu ya nane, taratibu, kama anayepamba.

Baada ya mavuno anataka kuazima mashine ndogo ya kubebeka na kwenda nayo Mlali. Paulina ameahidi kuwakusanya wanawake wa kijiji, "hata wale wabishi."

Maswali ya safari hiyo Elieth ameshaanza kuyaandika. La kwanza linauliza: una ng'ombe?