Hamira Alipoisoma Sheria ya Ushindani

Mdogo wangu mwoka mikate tulimwita Hamira, kwa sababu hata umkandamize vipi, kesho yake ameumuka. Tumetoka tumbo moja, lakini ukaidi ule sijui aliurithi kwa nani.

Kiwanda kikubwa cha mikate kilipofika mtaani, kiliwaambia wenye maduka: mkitaka yetu kwa bei nafuu, msiweke ya mtu mwingine. Wakakubali. Mikate ya Hamira ikaanza kurudi nyumbani imelala. Waokaji wadogo walikuwa na desturi ya kukutana bandani kwake kila Jumatatu kupanga bei moja, wasije wakagombana. Wakamwambia, "Wewe ndiye uliyegusa sekondari. Tuandikie malalamiko."

Akaandika, na kujigamba humo: sisi ni watu wa umoja, hata bei yetu ni moja, na anayeishusha tunamtenga. Wote wakatia sahihi, wakapeleka kwenye ofisi ya serikali ya ushindani wa biashara.

Ndipo akaitafuta sheria yenyewe, aone watashinda vipi. Ilikuwa ya Kiingereza. Akafungua kamusi juu ya meza ya kukandia, sentensi ndefu akizikata vipande kama donge. Mkewe akamtania, "Baba watoto, hiyo sheria ikiiva utuite."

Asubuhi moja nikamkuta ameduwaa, mikate inaungua tanurini.

"Dada, kuwa mkubwa si kosa," akasema. "Kosa ni kuutumia ukubwa vibaya, na lazima tuthibitishe."

"Si mthibitishe basi!"

"Kwa shahidi gani? Wenye maduka wanaogopa. Lakini washindani kupatana bei, hilo limekatazwa moja kwa moja. Nimerudia kusoma nikidhani kamusi inanionea. Nimetafuta panaposema wadogo wasamehewe. Hapapo."

"Nani kapatana bei?"

"Sisi, dada. Tumejishtaki wenyewe."

Nikaitoa ile mikate, nyeusi tii.

Alikwenda kuyaondoa malalamiko, akaambiwa yameshapokelewa. Wakaja maofisa wawili, vijana wenye adabu zao, wakauliza habari za Jumatatu, wakaipiga marufuku. Kuhusu kiwanda walisema uchunguzi unaendelea.

Waokaji wakamjia juu. "Msomi wetu! Umetupalia makaa!"

"Si mlisaini wote?"

"Tulisaini kwa kukuamini wewe," akajibu muuza maandazi, rafiki yake wa utotoni. Hamira akainamisha kichwa.

Baada ya hapo kila mtu na bei yake. Wakashushiana mpaka wakamalizana, banda moja baada ya jingine. La mdogo wangu lilifungwa mwisho. Siku hizi kuku wa wifi wanatagia tanurini, na uchunguzi, nasikia, bado unaendelea.

Juzi nilimpelekea mkate. Aliula taratibu na chai, hakuuliza nimeununua wapi. Madukani hakuna mwingine.