Mjumbe wa Talatala

Sikujiuzulu. Nianze na hilo, maana mpaka leo wapo watu Kyela wanaosimulia kwamba nilijiuzulu kwa heshima ya mkwe wangu, kisha nikaombwa nirudi. Uongo mtupu. Sikutoka, kwa hiyo hakuna aliyenirudisha.

Ilikuwa miaka ile soko lilipoachiwa huria. Ushirika ulikuwa umekufa, ghala lake pale mjini limebaki na popo, na mpunga wetu ulikuwa unanunuliwa na yeyote mwenye lori. Wanunuzi walikuja na madebe yao yaliyogongwa kitako yakavimba, tena walitaka lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likavishwa kilemba juu. Ukikataa, wanakwambia Mwaya wameshakubali. Mwaya nao wakikataa, wanaambiwa Talatala wameshakubali. Tulichezewa hivyo misimu miwili, mpaka vikundi vitatu, cha Mwaya, cha Talatala na cha wakoboaji wa Kyela mjini, vikaamua kuungana. Tukaliita shirikisho. Watu wa mjini, kwa dhihaka, wakaliita serikali.

Na kweli tulijiona serikali. Tulikuwa na katiba, imeandikwa kwa mkono kwenye daftari kubwa. Kila kikundi kingebaki na mambo yake, na kingechagua mjumbe mmoja bila kuingiliwa na wenzake. Wajumbe hao watatu ndio wangeamua bei, na debe moja la kupimia la wote. Akidi ilikuwa watatu: asipofika mmoja, hakuna mkutano. Kifungu hicho cha akidi nilikipigania mimi mwenyewe, ili Mwaya na mjini wasije wakakaa wawili wakatuuza. Loo, laiti ningejua.

Vikundi vikachagua, kila kimoja kwao, siku moja. Talatala wakanichagua mimi. Mjini wakamchagua mwenye duka mmoja, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, mtu mpole mwenye mashine ya kukoboa. Mwaya wakamchagua mzee mwenye mashamba makubwa kando ya mto. Mzee huyo ndiye aliyemzaa mume wangu.

Asiyetoka kwetu ataona si kitu. Kwetu ni kitu kikubwa. Mwanamke wa Kinyakyusa aliyelelewa kama nilivyolelewa mimi haonani na baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hamtazami, hatamki jina lake. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Tunaita kutila, kumwogopa, na yeye vilevile anakukwepa. Nilikuwa nimeolewa miaka tisa na uso wake sijawahi kuuona sawasawa. Na katika vijiji viwili vizima, hakuna hata mmoja aliyefikiria kuuliza wenzetu wanamchagua nani.

Siku ya mkutano wa kwanza nilifika ghalani kwa baiskeli, kanga imejaa tope. Nikaiona baiskeli ya mzee imeegemezwa mlangoni, ile yenye tandiko lililofungwa ngozi ya mbuzi. Miguu ilinigeuza yenyewe. Nikajikuta nyuma ya ghala, nimejifunika kichwa, mjumbe mzima wa serikali naambaa ukuta kama mwizi wa kuku. Mwenye duka akatoka kunitafuta, akanikumbusha kwa upole kwamba mkutano uko ndani. Alidhani naumwa tumbo. Nilipomweleza, alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Mkutano ukavunjika kwa kukosa akidi, kwa kifungu changu mwenyewe.

Wiki ileile ukaja ujumbe kutoka Mwaya: Talatala wabadilishe mjumbe wao. Waliusema kwa adabu sana, wakaanza na ndaga, wakamaliza na ndaga, shukrani juu ya shukrani. Wenzangu kikundini wakaanza kuniangalia kwa pembeni. Mpunga ulikuwa umeshakauka kwenye mikeka, na mvua za Kyela hazina miadi na mtu. Lori la mnunuzi lilikuwa linazunguka vijijini na kutangaza kwamba serikali yetu imekufa kabla ya kubatizwa. Mume wangu, ambaye si mtu mbaya, aliniomba nimpishe baba yake ili nyumba iwe na amani.

Hasira zilinipanda. Mwiko ulitufunga wote wawili, mbona wa kupisha niwe mimi tu? Tena nilijua kilichokuwa nyuma ya ombi lile. Ilishavuma kwamba Mwaya wanataka kura zipimwe kwa wingi wa magunia, na yule aliyekuwa tayari kuchukua nafasi yangu Talatala alikuwa mtu wa kuitikia ndiyo kabla hajaulizwa. Ningetoka mimi, Talatala ingebaki na kiti lakini haina mdomo.

"Baba yako namheshimu," nilimwambia mume wangu. "Lakini kwenye kile kiti sikuolewa. Nilichaguliwa."

Hakunisemesha siku mbili. Nilipika, nikapakua.

Siku ya tatu nikapata akili. Mwiko ulitukataza kuonana. Kusikiana kukiwa na ukuta katikati, hilo lilikuwa linavumilika. Nikawaambia wenzangu waulete mpunga wetu ghalani mapema, na wao, pamoja na kuniangalia kwa pembeni kote kule, walikuja. Tukapanga gunia juu ya gunia katikati ya ghala, juu kumzidi mtu mrefu. Mlango wa nyuma ukawa wangu, wa mbele wa mzee. Mwishoni mwa ukuta huo tukaacha upenyo mwembamba, na hapo akawekewa kiti mwenye duka, sikio moja kwangu, jingine kwa mzee.

Tulizungumza Kiswahili kwa ajili ya mwenye duka, na nashukuru. Kwa Kinyakyusa ulimi wangu ungeganda. Hata hivyo sikuthubutu kumwelekea mzee moja kwa moja. Nilisema "mwambie mjumbe wa Mwaya" hivi na hivi, na mwenye duka akarudia neno kwa neno yale ambayo ghala zima limeshayasikia. Vibarua waliokuwa wanasubiri mlangoni walicheka mpaka wakajishika mbavu. Wacheke! Mkutano ulikuwa unakwenda.

Ndipo mzee akatoa hoja aliyoijia. Mwaya wanaleta magunia mengi kuliko wengine wote, basi wapewe kura mbili. Niliona mwenye duka anaanza kutikisa kichwa kukubali. Mashine yake iliishi kwa mpunga wa Mwaya. Mwanamke wa kumkatalia baba mkwe, hata akiwa nyuma ya ukuta, sikuwa nimewahi kumsikia.

"Mwambie mjumbe wa Mwaya," nikasema, "mwaka mto ukifurika ukabeba mpunga wao wote, watakuwa na kura ngapi? Sisi Talatala tutawaachia ileile moja. Muulize yeye angetuachia ngapi."

Mwenye duka hakurudia.  Upande wa pili mzee akakohoa. Nikajua nimeharibu, nikaanza kuwaza nitaingia nyumbani na uso gani. Kisha nikamsikia anamwambia mwenye duka aandike: kikundi kimoja, kura moja. Tukapitisha bei. Tukapitisha na debe, lenye kitako kilichonyooka.

Alasiri ileile lori likaja. Mnunuzi alilizungusha debe letu mikononi, akanuna, akakubali. Sisi bado tulikuwa na jambo moja la kuamua, debe litunzwe na nani, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba mpunga uliokuwa tayari kupakiwa ndio ukuta wenyewe. Vibarua wakaanza kushusha magunia ya juu. Nikaona mwanga, halafu nikaona ncha ya kofia ya mzee.

Mlango wa nyuma ulikuwa hatua nne. Mwili wote ulinituma nikimbie. Nikageuza kiti, nikaupa ule upande mgongo, nikavuta kanga kichwani, nikakaa. Gunia moja moja likaondoka, mpaka nikasikia upepo wa mlango wa mbele shingoni mwangu. Mwenye duka, maskini, akauliza kwa sauti ndogo kama tuahirishe mpaka Talatala watafute mjumbe mwingine.

Nyuma yangu nikasikia kiti kinaburuzwa. Mzee naye alikuwa amegeuka. Tukawa mgongo kwa mgongo katikati ya ghala tupu.

"Akidi imetimia," alisema. "Tuendelee."