Nyumba Iliyoingiwa kwa Kiberiti

Nilipokuwa mtoto, nyumba kwetu Mbuchi, kule delta, haikuwa kitu cha kununua. Nyumba ilijengwa. Ulikata nguzo mikokoni, ukaita wenzio, mkeo akapika wali, na jioni kiunzi kikawa kimesimama. Tope na makuti vilifuata taratibu. Ikioza, ulisogea pembeni kidogo ukajenga nyingine. Kwa hiyo siku baba aliporudi kutoka mjini Kibiti na kutangaza kwamba amenunua nyumba, ya matofali na bati, mimi nilimwuliza, "Kwani mwenyewe atakaa wapi?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Leo sicheki. Nina nyumba yangu hapo Kibiti ambayo naitafutia mnunuzi kabla hata harufu ya rangi haijaisha, na dalali ananipigia simu tangu asubuhi.

"Mama, mteja anauliza. Umenunua juzi tu, unauza. Ina nini hiyo nyumba?"

Nimemwambia nitampigia. Nimechoka, wallahi. Kujenga nyumba ni kazi, lakini kueleza kwa nini unaiacha ni kazi kubwa zaidi. Ndiyo maana nimekaa hapa namwaza mama, na ile nyumba ya kwanza.

Baba alitoa sababu za kuhama, na zote zilikuwa za kweli. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia majarubani na mpunga umeungua. Shule ilikuwa mbali. Kamba walikuwa wamepungua. Hayo ndiyo aliyoyasema barazani mbele ya watu. Sababu moja hakuisema, nayo ilikuwa nyuma ya nyumba yetu, ukingoni mwa jaruba: kaburi la mdogo wangu Shabani, aliyekufa kwa homa hata kutembea hajakujua vizuri.

Wanaoishi delta wanajua. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji ya bamvua hupanda kuliko siku nyingine. Basi kila bamvua ilipokaribia, mama alichukua jembe akaenda nyuma ya nyumba, akainua tuta la tope kulizunguka lile kaburi, kama tunavyoinua matuta ya majaruba ili maji yasiingie. Hakumwita mtu amsaidie. Na baba, akisikia tu lile jembe linagonga, alitwaa kafi lake akashuka mtoni, hata kama hakukuwa na cha kwenda kuvua. Jina la Shabani halikutajwa tena ndani ya nyumba yetu. Walikuwa watu wawili wenye msiba mmoja, huyu anaukimbia na yule anaukalia, na kati yao hakuna aliyefungua mdomo.

Bibi, mama yake baba, alikataa kuhama. "Mimi huko juu nitaishije? Hata maji kupwa na kujaa siyaoni!" Lakini alitufanyia safari yetu kama inavyotakiwa. Asubuhi ya kuondoka alichota makaa mekundu kutoka jikoni kwake, akayalaza kwenye chungu, akayafunika majivu, akampa mama.

"Moto wa nyumba hutoka nyumba," alisema. "Msije mkaniwashia kiberiti huko. Nyumba iliyoingiwa kwa kiberiti haikai na mtu. Mtaiuza hata makuti ya choo hayajaoza, mtaniambia."

Mama alikipakata kile chungu kwenye boti njia nzima mpaka Nyamisati. Alikuwa akifunua majivu kidogo, anapuliza, anafunika. Nakumbuka alivyokishika. Sikuwa nimemwona ameshika kitu namna ile tangu Shabani.

Nyamisati ndipo mambo yalipoharibika. Lori la kutupeleka Kibiti lilikuwa limepakia madumu ya petroli, na utingo alipoona moshi alipiga kelele. "We mama! Unataka kutuunguza wote? Chungu hicho hakipandi humu, ng'o!" Baba aliona haya mbele ya watu. Akakichukua kile chungu mikononi mwa mama, akainama gatini, akakitumbukiza majini. Kilitoa sauti, mvuke ukapanda, basi.

"Mama Zena, Kibiti viberiti viko kila duka," baba alisema.

Mama alibaki anatazama pale mvuke ulipokuwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Sakafu ya saruji, ambayo mimi nililala juu yake siku ya kwanza kwa raha ya ubaridi wake. Mama aliwasha jiko kwa kiberiti, njiti ya kwanza ikavunjika, ya pili ikazimika. Jirani yetu, Bi Somoe, Mmatumbi mnene wa maneno mengi na roho safi, alikuja na bakuli la mihogo kutukaribisha.

"Mmeingia na nini?" aliuliza.

"Na kiberiti," alijibu mama.

"Mh!" Bi Somoe akakaa. Kisha akatumwagia yote. Aliyetuuzia alikaa msimu mmoja tu. Aliyemtangulia, mwalimu, naye hakumaliza mwaka. "Nyumba hii ina mwenyewe, ndugu yangu. Si kwamba nawatisha. Mimi nasema tu."

Angekuwa anataka kututisha angefanya nini zaidi, sijui.

Basi tukaanza kumwona mwenyewe. Jioni jua likizama, bati lilipiga pa! pa! juu ya vichwa vyetu. Siku hizi najua kuwa bati likipoa hulia, lakini wakati ule mimi nilikuwa nakimbilia kwenye kanga ya mama. Kuku walikataa banda. Wali wa mama, aliyekuwa akiitwa kila shughuli Mbuchi akapike, ukawa unaungua, leo unaungua, kesho bokoboko. Mama mwenyewe akaanza kukonda. Na akawa na swali moja, analiuliza kwa kila mtu, kwa Bi Somoe, kwa muuza maji, kwangu: "Mwezi una ngapi leo?"

Kibiti nani anajua mwezi una ngapi, kama si Ramadhani? Watu wakatazamana. Kisha ikaja ile siku Bi Somoe alipochungulia uani akamkuta mama amepiga magoti, anakusanya mchanga kwa mikono, amejenga tuta dogo la mviringo, na katikati hakuna kitu. Bi Somoe alirudi kwake mbio, kanga inaburutika. Jioni mtaa mzima ulijua kwamba mke wa yule mvuvi ana jini la mwezi, linamchimbisha kaburi.

Mimi tuta lile nililijua. Nilidhani kila mtu nyumbani analijua.

Baba hakuwa mtu wa waganga, lakini mke anakwisha mbele ya macho yako utafanyaje? Bi Somoe akamleta fundi wa kupunga majini kutoka upande wa Mahege, mzee nadhifu mwenye mkoba. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Mama alikalishwa mkekani, akafunikwa shuka jeupe, ubani ukawashwa, na wanawake wawili watatu wakapiga makofi na kuimba. Haikuchukua muda. Mabega ya mama yalianza kutetemeka, kichwa kikaenda huku na huku, na sauti ikatoka, nzito, si ya mama, na bado ilikuwa ya mama.

"Karibu," fundi alisema. "Wewe ni nani? Umekuja na nini, na unataka nini?"

Ile sauti ilijibu kwa Kindengereko cha wazee wa delta. Mama alikuwa akizungumza Kindengereko na mama yake mzazi tu, na huyo alishafariki. Sisi nyumbani tulisema Kiswahili. Fundi hakukielewa, wala Bi Somoe. Katika chumba kile cha watu waliojazana, aliyekielewa vizuri, kwa kukisikia ukweni, alikuwa mmoja, naye alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono.

"Bwana, tufasirie," fundi alimwambia baba.

Baba alikohoa. "Anasema... maji yanakuja."

"Maji gani?"

"Bamvua. Anasema maji ya bamvua yanakuja."

Sauti ikasema tena, kwa kirefu, na sasa ilikuwa inalia. Baba akahimizwa na fundi. Nikamwona baba anashika mwimo wa mlango.

"Anasema Shabani amelala chini, peke yake."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina lile mdomoni mwa baba tangu tulipozika. Hata makofi yalikoma.

"Anasema, nani anamwinulia tuta?" Baba aliegemeza kichwa kwenye mwimo. "Anasema tumemwacha na nani."

Fundi alikuwa na kazi yake, na utaratibu wake ulitaka kufika mwisho. "Haya. Mwulize, anataka mbuzi wa rangi gani?"

"Hataki mbuzi, fundi."

"Kuku mweupe?"

"Hataki kuku." Baba akafuta uso kwa kiganja. "Anataka kwenda kwao."

Akatoka nje. Nilimfuata mpaka uani nikamkuta amesimama juu ya lile tuta la mchanga, analitazama, na mabega yake yanatetemeka kama ya mama yalivyokuwa yakitetemeka ndani. Wala yeye hakuna aliyemfukizia ubani.

Nyumba iliuzwa kabla mpunga wa msimu ule haujavunwa. Makuti ya choo aliyoyaezeka baba yalikuwa bado mabichi, bibi hakukosea. Mnunuzi alikuwa mkulima wa korosho kutoka upande wa milimani, akaipata rahisi kwa sababu ya jini. Kule kwenye kahawa walimcheka baba wazi wazi. "Mvuvi huogopi mamba, unakimbizwa na jini la bati?" Naye aliwajibu, "Lina nguvu, jamani. Msilichezee." Aliwaacha wacheke. Mtu aliyeona haya mbele ya utingo kwa ajili ya chungu cha makaa, sasa alikubali kuwa kichekesho cha mji mzima, na hakumtaja mkewe wala mwanawe hata mara moja.

Tuliporudi Mbuchi bibi alisimama mlangoni kutungoja, akasema, "Niliwaambia," akaingia ndani kutupa uji. Tope la kaburini lilikuwa limemomonyoka upande mmoja, ila maji hayakuwa yameingia. Bibi alikuwa akijaribu kwa mikono yake ya kizee. Bamvua iliyofuata mama alichukua jembe kama kawaida yake. Baba akatwaa kafi. Akafika nalo mlangoni, akalisimamisha ukutani, akaenda nyuma ya nyumba, akamwambia mama, "Lete." Akalima yeye. Mama alikuwa anapigapiga tope kwa viganja. Hawakusema lolote la kukumbukwa, lakini siku ile baba hakushuka mtoni.

Yule mkulima wa korosho aliishi katika nyumba ile mpaka uzee wake, na wanawe wameipiga vigae. Jini hawajaliona. Nilipokuwa mtu mzima nikapata ujasiri wa kumwuliza mama, "Lile jini lilikuwa kweli?" Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso.

"Baba yako alinisikia au hakunisikia?"

Simwiti mama yangu mwongo, na atakayemwita hivyo tutagombana. Kuna maneno mazito kuliko mtu mmoja. Mke atamwambiaje mumewe, aliyeuza mtumbwi na kila kitu akanunua nyumba ya bati, kwamba mimi hapa siwezi? Lazima apatikane mwingine wa kuyasema.

Sasa zamu ni yangu. Baba amelala kando ya Shabani. Maji yanapanda kuliko zamani, mvua zikizidi huko juu mto nao unaleta yake, na mimi Kibiti silali nikimfikiria mama peke yake kule. Nikanunua nyumba. Nikaona safari hii sitakosea. Nilikodi gari zima ili asiwepo wa kupiga kelele, na chungu cha makaa nilikipakata mwenyewe tangu Mbuchi. Moto ulifika mwekundu. Mama aliuchekea, akasema, "Umefanya vizuri, mwanangu." Nikamwekea feni, bomba mpaka uani, kitanda cha futi sita. Alikaa miezi michache, mpole, anashukuru kila kitu. Halafu asubuhi moja, nampa chai, ananiuliza:

"Zena, mwezi una ngapi leo?"

Nilikaa chini sakafuni. Chai ilinimwagikia na sikuisikia.

"Usiogope," mama alisema. "Sitapandisha. Magoti haya hayawezi tena ngoma, na jini wangu naye amezeeka. Safari hii nasema kwa mdomo wangu. Nirudishe kwa wanangu."

"Mama, Shabani ni mmoja."

"Na baba yako je? Yule naye alikuwa mtoto, ni vile tu hamkujua."

Nilimwambia maji yatatushinda. Nilimwambia tuta la tope si kitu mbele ya bahari. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, maana amenizidi subira, kisha akauliza tena mwezi una ngapi.

Simu inaita, ni dalali. Safari hii nitamjibu.

"Mama, nimwambie mteja nini sasa?"

"Mwambie nyumba ni nzima. Haina jini."

"Sasa kama haina, unauza kwa nini?"

Nimemjibu kwamba mama anarudi nyumbani, na mimi nampeleka. Akasema hilo mteja hataliamini, bora jini. Basi aseme jini, nimechoka kubishana. Bamvua ni keshokutwa, na jembe la mama liko kule kule Mbuchi ukutani. Mimi nimepita dukani nikanunua la pili.